Kilomita 1,000 za mwanzo: Mombasa, Malindi, Mokowe

Jumanne. Mombasa hadi Malindi. Mita ya kilomita: 14 hadi 135

Nimekabidhiwa saa nne asubuhi. Pikapu nyeupe ya kebini moja, dizeli, injini ya lita 2.5 yenye turbo (feni ya kuisukumia injini hewa), gia tano za mkono. Kijana aliyenipa funguo alinionyesha redio, kiyoyozi na mahali jeki ilipofichwa. Nikamuuliza injini mpya nayo izoezwe vipi. "Polepole tu, dada. Na usiibebeshe kitu mpaka igonge elfu."

Ami alikuwa keshaketi upande wa abiria, bakora kati ya magoti. Alikohoa kidogo, akanyamaza. Maneno yake aliyaweka mpaka tulipovuka daraja la Nyali.

"Hilo la polepole nimelikubali. Hilo la kutoibebesha kitu, mwanangu, usilifuate. Makubadhi hayazoei mguu yakiwa kabatini."

Ami kaendesha malori ya dizeli njia hii tangu siku za feri ya Kilifi, kabla daraja halijafunguliwa 1991. Nimemwomba awe nami safari zote za wiki hii. Pikapu hii ni akiba yangu ya miaka sita ya kuuza viazi na vitunguu kwa jumla, na sitaki kuianza vibaya.

Sheli ya kwanza nilijaza tangi, mita ikiwa 17. Nilimwambia kijana wa pampu mkono ukijikata wenyewe mara ya kwanza, basi, asiendelee kudondosha ili apate hesabu ya mviringo. Hapo ndipo hesabu ya mafuta inapoharibikia kwa watu wengi: leo tangi linajazwa mpaka shingoni, kesho linaachwa chini ya shingo, kisha gari linasifiwa au linalaumiwa bure. Nina daftari la kurasa 32. Upande wa kushoto mita, wa kulia lita. Kila nikijaza, nagawa kilomita kwa lita, na kando naandika mzigo, upepo, na kama kiyoyozi kilikuwa kimewashwa.

Tumepita Mtwapa kwa foleni na vumbi la ujenzi wa barabara. Baada ya hapo njia ikafunguka, na mikonge ya Vipingo ikaanza. Kitabu cha gari kinasema nisizidishe kasi, nisikanyage mafuta mpaka chini, nisikae na spidi moja kwa muda mrefu, na kilomita 300 za mwanzo nisifunge breki kwa ghafla maana pedi nazo ni mpya. Kinakataza kuvuta tela. Kubeba mzigo wa wastani hakikukataza popote. Nilikisoma mara mbili.

Kwa hiyo nilienda 60, nikapanda 80, nikashuka 65, nikapanda tena. Sindano ya mizunguko ya injini niliiweka kati ya 1,500 na 2,500 kwa dakika. Kila nilipopanda, Ami aliniangalia mguu. "Usiibembeleze. Kanyaga nusu, iache ivute, halafu achia." Kosa nililofanya ni kwenye kilima baada ya daraja la Kilifi: nilibaki gia ya tano hali mizunguko imeshuka hadi 1,200, injini ikaanza kugonga na kutetemeka. Kwa injini mpya ya dizeli hilo ni baya kuliko kuiendesha kwa mizunguko ya juu kidogo, kwani msukumo wote unaangukia beringi na pistoni huku oili ikizunguka kwa uchovu. Nikarudi ya nne, ikatulia.

Malindi tumeingia alasiri.

Jumatano. Malindi mjini. Mita: 135 hadi 157

Siku mbovu kwa injini, ingawa kilomita ni chache. Au ndiyo sababu ni mbovu. Soko, shule, sheli ya gesi, soko tena. Kila safari dakika saba au nane. Injini haipati joto lake kamili kabla haijazimwa.

Saa tisa nimemkuta mtoto wa dadangu ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kimewashwa, injini inanguruma na gari limesimama. Alikuwa amekaa humo robo saa nzima akisikiliza redio. Sikumgombeza sana, hajui. Ami alimtoa, akamkalisha kibarazani, akamweleza: dizeli isiyo na kazi haipati moto wa kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanabaki, na ringi, zile pete zinazozunguka pistoni, hazikai mahali pake. Mtoto akauliza swali zuri: "Kwani zinakaa wapi sasa?"

Ami akasema tutakwenda Lamu kwa rafiki yake, atazionyesha.

Alhamisi. Malindi, Marafa na kurudi. Mita: 157 hadi 241

Asubuhi kabla ya jua kali nimepima oili. Gari limelala mahali tambarare, oili yote imeshuka chini. Nilichomoa kijiti, nikakipangusa kwa kipande cha leso kuukuu, nikakirudisha mpaka mwisho, nikakichomoa tena. Oili iko milimita moja chini ya alama ya juu. Rangi bado ni ya asali. Nimeiandika daftarini kwa kalamu nyekundu, na kila asubuhi ya safari nitafanya hivyohivyo.

Tumevuka mto Sabaki, tukaingia ndani kwenda Marafa. Njia hii niliichagua kwa vilima vyake. Barabara ya pwani ni bapa, injini inaweza kwenda saa nzima bila kuguswa kidogo. Huku inapanda, inashuka, unabadilisha gia, na kushuka kunafanywa kwa gia, si kwa breki peke yake.

Tulisimama Nyari, lile bonde la mchanga mwekundu na mweupe lililomomonyoka likabaki minara. Kabla ya kuzima niliiacha injini dakika moja. Hilo si sawa na kosa la jana. Turbo huzunguka kwa kasi kubwa sana na huegemea oili. Ukitoka kupanda kilima ukazima papohapo, oili inakwama ndani ya chuma chenye moto mkali na kuungulia humo. Dakika moja inatosha.

Kurudi, kiyoyozi nilikizima, nikafungua dirisha. Chini ya kilomita 60 kwa saa dirisha halina gharama kubwa. Ukizidi 80, dirisha nalo lina gharama yake, kwani upepo unaoingia ni kama kuvuta turubali.

Ijumaa. Malindi. Mita: 241 hadi 246

Sala, chakula, kisha kupakia. Magunia 10 ya viazi ya kilo 50 na neti 15 za vitunguu. Jumla inakaribia kilo 700. Kitanda cha pikapu kinaweza zaidi ya hapo, lakini kwa sasa basi. Mazito tumeyasogeza mbele karibu na kebini. Tairi za nyuma nimeziongeza upepo zikiwa baridi, kwa kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Tairi laini chini ya mzigo hula dizeli kilomita zote 200 na dereva asijue.

Jumamosi. Malindi hadi Mokowe. Mita: 246 hadi 475

Saa kumi na mbili kasoro nilijaza Malindi, mita 250. Lita 23.4 kwa kilomita 233 tangu Mombasa. Kilomita 9.96 kwa lita, na ndani yake kuna mizunguko ya mjini na kiyoyozi cha mpwa wangu.

Nimejaza hapa kwa makusudi. Bei za mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, kila tarehe 14 ya mwezi, kila mji na yake, na kadiri unavyokwenda mbali na matangi ya Mombasa ndivyo bei inavyopanda. Lita ninayoichomea njia ya Lamu ina thamani zaidi ya lita ya Mombasa.

Mambrui, Gongoni na chumvi yake, Marereni. Jua lilitutokea kulia. Na kaskazi ilikuwepo, tena ya Januari hasa. Njia nzima ya kwenda Lamu unaelekea kaskazini, kisha baada ya Minjila unaelekea mashariki zaidi, kwa hiyo upepo huu unakupiga usoni au kwenye bega la mbele. Turubali juu ya magunia lilikuwa likipiga makofi. Nilisimama nikalikaza upya, kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya dizeli pia. Nguvu ya upepo inayokuzuia hukua kwa mraba wa spidi: ukitoka 80 ukaenda 100, kizuizi kinaongezeka kwa asilimia 56. Na mtu anayekwenda 80 dhidi ya upepo wa 20, kwa hewa ni sawa na anayekwenda 100.

Injini leo ilikuwa na sauti nyingine. Siku zote tatu za mwanzo ilikuwa na ukali fulani, kama mashine ya cherehani iliyokosa mafuta. Ikiwa na kilo 700 mgongoni ilinguruma chini, nzito, bila kulalamika. Nilikuwa nakanyaga nusu, gia ya nne, kutoka 60 hadi 80, naishika dakika kadhaa, naachia. Barabara ya Garsen ni bapa na ndefu na inashawishi mguu kulala. Ami hakuruhusu ulale.

"Sikiliza," alisema karibu na Minjila. "Sasa inafanya kazi."

Kizuizi cha polisi cha kwanza, ofisa kijana: "Mama, zima gari." Nikamwomba dakika moja, nikamweleza habari ya turbo. Alisimama akasikiliza kweli, akauliza kama basi analopanda kwenda kwao lina turbo. Nikamwambia bila shaka linayo. Akaangalia vitambulisho vyetu, akatuombea safari njema. Njia hii ina vizuizi vingi na kila mtu anataka awe amefika kabla ya jua kutua, kwa sababu za usalama zinazojulikana. Kusimama na kuondoka mara kwa mara kunaharibu hesabu ya mafuta, ila kwa kuizoeza injini ni jambo jema: kila kuondoka ni kuvuta mzigo kutoka sifuri.

Gamba tulipita mahali ambapo mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliikata barabara hii. Mwaka ule mzigo wangu ulikaa Malindi mpaka vitunguu vikaota.

Witu, Hindi, kisha sheli ya upande wa bara kabla ya gati la mashua. Mita 473, lita 25.1, kilomita 223. Hiyo ni 8.88 kwa lita. Nilisikitika. Nilitarajia tisa na nusu.

Viazi na vitunguu vikashushwa kwenye mashua. Pikapu tumeiacha Mokowe kwa mlinzi, tukavuka kisiwani Lamu.

Jumapili. Lamu

Hakuna mita leo. Mji mkongwe wa Lamu, ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, njia zake zilipimwa kwa punda na watu wawili wanaopishana. Ila dizeli imejaa baharini. Kaa ufukoni alfajiri uzisikilize mashine za mashua, kila moja na kikohozi chake.

Rafiki wa Ami anafunga mashine za vyombo, upande wa Wiyoni. Mzee wa makamo ya Ami, mikono myeusi mpaka viwikoni. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu: 8.88 kwa lita, na neno la kijana wa Mombasa. Hakujibu. Aliinuka akaenda nyuma ya karakana.

"Ndoo uone," akaniita kwa Kiamu chake, yaani njoo.

Alikuwa na slivu mbili za silinda juu ya gunia, mabomba mawili ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, yenye upana wa kikombe kikubwa. La kwanza alilielekeza kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na mistari myembamba iliyopishana kwa mshazari, mingi, mizuri, kama mkeka uliosukwa kwa ukindu mwembamba. Aliniambia nipitishe ukucha. Ukucha ulikuwa ukikwaruzwa kidogo sana, karibu usisikike.

La pili lilikuwa kioo. Nilijiona ndani, uso umevutwa. Ukucha uliteleza kama juu ya sahani.

Akanieleza kwa utaratibu. Ile mistari huchongwa kiwandani kwa makusudi. Mabonde yake hushika oili. Vilele vyake hulika kidogo ringi zinapopita, na ringi nazo hulika, mpaka chuma kwa chuma vinafahamiana na moshi haupati njia ya kushuka. Lakini ringi peke yake haina nguvu ya kujibana. Ni msukumo wa mlipuko unaoingia nyuma yake na kuisukuma nje, dhidi ya ukuta. Mzigo ukiwa mdogo, msukumo ni mdogo, ringi inaelea juu ya oili. Oili hiyo inaungua polepole ukutani, inajaza mabonde, inakuwa gamba lenye kung'aa. Ikishafika hapo, hata ukibeba mlima, ringi haikamati tena.

"Hii ya kioo ilitoka wapi?" nikauliza.

Mashine ya chombo cha matembezi. Ilikuwa mpya kabisa. Wenyewe waliihurumia, hawakuisafirisha. Ilitia nanga miezi, ikiwashwa kila usiku kwa ajili ya taa na jokofu tu. Saa mia kadhaa za kunguruma bila kusukuma maji. Ilipoanza safari ilitoa moshi wa buluu na kunywa oili, na mwenyewe akadhani ameuziwa mashine mbovu. Ilibidi silinda zikwanguliwe upya na ringi zibadilishwe.

Niliishika ile slivu kwa muda mrefu. Nimewaona watu wangapi, na mimi nikiwamo, wakiwasha gari jipya asubuhi na kuliacha linanguruma nje ya nyumba nusu saa "lipate moto", tukidhani ni mapenzi?

Kuhusu 8.88 yangu, mzee alisema nisihukumu bado. Injini mpya ina msuguano ambao baadaye hautakuwepo, na matumizi huendelea kutengemaa kwa kilomita elfu kadhaa. "Tazama oili kwanza. Oili haijui upepo."

Neno hilo nimelala nalo. Nililala pia na jambo nililowahi kulisoma, kwamba injini ya kwanza ya Rudolf Diesel iliyofanya kazi vizuri ilikuwa ya Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na ikageuza kiasi cha robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, wakati injini za mvuke za siku zile nyingi hazikufika nusu ya hapo. Siri yake ni kuibana hewa peke yake mpaka iwe moto wa kutosha kuwasha mafuta bila cheche. Ndipo nikaelewa uzito wa zile ringi. Dizeli haina plagi ya cheche ya kuiokoa. Ringi zikivuja, hewa haibanwi sawasawa, na ule moto wenyewe unapungua.

Jumatatu. Mokowe hadi Malindi. Mita: 475 hadi 701

Niliomba mzigo wa kurudi uwe na uzito uleule, nipate kulinganisha. Makreti 35 ya maembe ngowe, kilo 20 kila moja. Kebini yote ilinukia. Oili: milimita nne chini ya alama. Imeshuka tatu tangu Alhamisi. Ami alisema ni haki yake, ringi bado zinatafuta mahali.

Karibu na Witu taa ya njano ikawaka. Picha ya chujio na matone chini yake. Moyo ulinienda mbio. Niliingia mjini, nikaegesha mbele ya duka, nikafungua kitabu: maji kwenye chujio la dizeli, yatolewe mara moja.

Hili naliandika kwa urefu kwa sababu dereva wa dizeli lazima alijue. Dizeli hupita nozeli, vile vitundu vya kunyunyizia mafuta ndani ya silinda, kwa shinikizo la zaidi ya bari 1,000, na hiyohiyo dizeli ndiyo inayozilainisha. Maji hayalainishi. Yakifika huko, nozeli na pampu huharibika, na bei yake ni ya kuuza ng'ombe. Ndiyo maana chujio lina kikombe chini: maji ni mazito kuliko dizeli, yanazama, yanakaa humo, kihisio kinawasha taa.

Injini nimeizima. Ami alishika chupa tupu ya maji ya kunywa chini ya chujio, mimi nikalegeza skrubu ya plastiki kwa vidole. Mwanzo ilitoka polepole, kisha nikasukuma pampu ndogo ya mkono juu ya chujio na ikatiririka. Tuliiinua chupa juani. Juu dizeli, rangi ya chai nyepesi. Chini yake maji meupe yenye chembe za kutu, vidole viwili. Baina yao mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Nilipoitikisa, matone ya maji yaligawanyika, yakaelea, yakarudi chini moja baada ya jingine.

Tuliendelea mpaka ikatoka dizeli tupu, nikafunga skrubu, nikasukuma pampu mpaka ikawa ngumu mkononi, nikawasha. Ilishika mara ya pili. Taa ikazimika.

Maji yameingia kutoka sheli gani sitaandika. Matangi ya chini ya ardhi pwani hutoa jasho, na anayeyatunza vizuri huyapima maji chini kila siku. Nilichojifunza ni kuuliza kabla ya kujaza: lori la mafuta limeshusha lini? Likiwa limeshusha muda huo, maji na takataka za chini zimevurugwa. Afadhali kusubiri au kwenda mbele. Nusu glasi ya maji haibadilishi hesabu ya lita 25. Injini ndiyo ingebadilika.

Kaskazi sasa ilikuwa mgongoni. Nilikwenda 70 hadi 80, sikuzidi, maembe hayapendi matuta. Malindi nilijaza mita ikiwa 701: lita 21.7 kwa kilomita 228. Ni 10.5 kwa lita. Kompyuta ya gari ilisema 11.6. Yenyewe hukadiria kwa muda nozeli zinavyofunguka, na kukadiria si kupima. Tofauti yake na kalamu inazidi kilomita moja kwa lita. Mfanyabiashara anayepanga nauli kwa namba ya kioo atakula hasara kila safari.

Dadangu alishangilia: kutoka 8.88 hadi 10.5, gari limeshazoea! Nikamwambia hapana. Mzigo uleule, njia ileile, lakini upepo umegeuka, mguu wangu umekuwa mpole zaidi, na injini imepata kilomita zake. Hao watatu wamefanya kazi pamoja na siwezi kumlipa mmoja ujira wa wote. Nitaipima tena njia hii miezi ya kusi, ambapo kwenda Lamu ndiko kutakuwa na upepo wa nyuma.

Jumanne. Malindi, Watamu na kurudi. Mita: 701 hadi 760

Kusambaza maembe. Oili: milimita nne chini ya alama. Palepale pa jana.

Jumatano. Malindi, Mombasa, Malindi. Mita: 760 hadi 1,005

Tumeondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, oili bado milimita nne. Hewa baridi, barabara tupu mpaka Kilifi, kilo 200 tu za maembe ya ndugu wa Mombasa. Sheli ya Mombasa: mita 884, lita 16.3 kwa kilomita 183. Kilomita 11.2 kwa lita.

Ukaguzi wa kwanza uliisha mapema. Walikaza walichokaza, wakatazama mikanda, breki, uvujaji. Kitabu hakidai oili ibadilishwe sasa. Niliomba ibadilishwe kwa pesa zangu, maana siku zile za mjini zimeingiza mafuta yasiyoungua ndani yake, na chuma kilicholika wiki hii kimo humo. Fundi alinikubalia. Ilipotoka nilichovya kidole, nikakigeuza juani: nyeusi kama wino, na ndani yake vumbi jembamba la fedha, linalong'aa na kupotea unaposogeza kidole. Ni vile vilele vya mistari ya Wiyoni. Ami alikitazama kidole changu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanipa kitambaa.

Mita iligeuka 1,000 tukiwa tumeshapita Gede, karibu kuingia Malindi, jua likiwa nyuma ya minazi. Sikusimama, nilipunguza tu.

"Inasemaje?" Ami akauliza.

"Elfu moja, Ami."

"Na oili mpya?"

"Nitaipima asubuhi, ikishatulia."

Akakaa kimya mpaka tulipofika uwanja wa ndege.

"Jumamosi unapakia magunia mangapi?"

"Kumi na nane."

Akahesabu kwa vidole juu ya bakora. Kilo 900.

"Yaweza," akasema.